Toa Ufunguo Kabla ya Kunywa: Hotuba kwa Waendeshaji Bodaboda wa Kisumu

Mkutano huu kuhusu kamari ulifanyika Kondele siku ya Jumapili mchana, na wengi wenu mlikuwa barabarani au msibani. Kamati ya ustawi imeomba hotuba iwekwe yote kwa ajili yenu, jinsi ilivyotolewa. Wale ambao habari zao nimezisimulia waliniruhusu, na majina yao sitayataja.

Mwenyekiti, wazee wa steji, mama zangu mlioketi kule nyuma, na ninyi vijana mliozima piki mkaacha wateja ili mje kunisikiliza: hamjambo? Asanteni sana. Najua kwenu kukaa kitako mchana ni hasara, kwa hivyo nitaingia moja kwa moja katika lililonileta.

Nina swali, na sitaki mtu ainue mkono. Ni nani hapa amewahi kuapa kwamba hatabeti tena? Akaapa kwa jina la mama yake. Akaapa huku ameshika kichwa cha mtoto. Akafuta programu ya kubeti mbele ya mke wake na kumwonyesha simu: "Tazama mwenyewe, nimeitoa." Na ni nani, baada ya kiapo hicho, Jumamosi jioni mechi za Uingereza zilipoanza, aliirudisha programu ile ile na kukuta nambari ya siri bado anaikumbuka?

Usiinue mkono. Jibu moyoni.

Kazi yangu ni ushauri nasaha. Watu hunijia na mambo ya ndoa, mambo ya pombe, mambo ya watoto waliowashinda. Lakini miaka hii, ukichimba kidogo chini ya ugomvi wa mume na mke, unakuta mkeka, ile tiketi ya kubeti mechi nyingi kwa pamoja. Unakuta logibuku ya piki iko kwa mkopeshaji. Unakuta karo ya muhula wa pili ilitumwa nambari ya kampuni ya kubeti saa saba usiku. Na maneno ninayoyasikia kuliko yote ni haya: "Madam, nilikuwa nimedhamiria kabisa kuacha." Mimi humwamini. Alidhamiria. Machozi yake yalikuwa ya kweli.

Kwa hivyo sikuja leo kuwaambia mdhamirie zaidi. Wangapi wamedhamiria wakaanguka? Nimekuja kuwaambia kwamba kuna njia ambayo watu wa nchi nyingi wameijaribu kwa miaka karibu thelathini: mtu anajifungia kamari mwenyewe, kwa hiari yake, akiwa na akili zake timamu, ili saa ile mbaya ikifika akute pamefungwa.

Ngoja nieleze kwa jambo mnalolijua. Mnapokwenda matanga, kuna yule kijana mwerevu ambaye akifika tu, kabla hajagusa chupa ya kwanza, anamwendea mzee wa steji na kumpa ufunguo wa piki. "Jaduong', kaa nao. Hata nikikulilia usiku, usinipe mpaka asubuhi." Na usiku anaulilia kweli! Anasema yuko sawa, anasema ana dharura, anamtukana mzee wa watu. Mzee hatoi. Asubuhi kijana anaamka mzima, piki nzima, miguu yote miwili ipo.

Niambieni, huyo ni mdhaifu? (Wengi walijibu: hapana!) Hapana. Huyo ndiye mwenye nguvu kuliko wote waliokuwa pale, kwa sababu alijua saa ya kuamua ni ipi. Angengoja saa nane ya usiku ndipo ajiulize kama anaweza kuendesha, pombe ndiyo ingemjibu. Kujifungia kamari ni hivyo. Unatoa ufunguo kabla ya kunywa.

Sasa kuna mzee hapa mbele namwona anatikisa kichwa. Najua anachofikiri, na ni haki yake: "Mtu mzima, ana ndevu, si aache tu?" Mzee wangu, Shirika la Afya Duniani limeiweka kamari iliyomshinda mtu kwenye orodha yake ya magonjwa, orodha iliyoanza kutumika Januari 2022. Kabla ya hapo, mwaka 2013, madaktari wa akili wa Marekani waliihamisha kwenye kitabu chao, wakaiweka kando ya uraibu wa pombe na dawa za kulevya. Hawakufanya hivyo kwa huruma. Walifanya hivyo kwa sababu walipowachunguza wagonjwa waliona mambo yale yale: dozi inayopanda kila siku, kukosa usingizi na hasira ukiacha, uongo kwa watu wa nyumbani, kurudi tena na tena kufukuza ulichopoteza.

Tazameni mkeka unavyofanya kazi kichwani. Kijana ameweka mechi kumi. Tisa zimeingia, moja imemwangusha dakika ya tisini. Amepata nini? Hajapata kitu. Ni sawasawa na aliyekosa zote kumi. Lakini muulize anavyojisikia! Hasemi "nimepoteza." Anasema, "Ilibaki moja tu!" Atakuonyesha tiketi steji nzima. Atalala akiiwaza ile kona iliyozaa bao. Ubongo umelichukua lile kosakosa kama ushindi, na kesho asubuhi, kabla hajapeleka mteja wa kwanza Kibuye, ameweka mkeka mwingine. Ile "moja tu" imekula piki ngapi hapa Kondele? Imekula mashamba mangapi huko Siaya na Vihiga?

Na hiyo ni mikeka, ambayo angalau hungoja mpira uishe. Jakpoti ya wiki inakungoja mpaka Jumapili. Katikati unapata nafasi ya kupumua, ya kula, ya kusali. Siku hizi kuna ile ya ndege. Mnaijua, sina haja ya kuwafundisha. Ndege inapaa, namba inapanda, unatakiwa utoe pesa kabla haijapotea. Mchezo mmoja huisha kwa sekunde chache, na mwingine umeshaanza. Kati ya mteja wa kwanza na wa pili, ukiwa umeketi juu ya piki yako kivulini, unaweza kucheza mara ishirini. Hakuna refa, hakuna mapumziko, hakuna kipenga cha mwisho.

Tume ya wataalamu iliyochapisha ripoti yake katika jarida la The Lancet Public Health mwaka 2024 ilikadiria kwamba kati ya watu wazima wanaocheza michezo ya kasino ya mtandaoni na mashine za aina hiyo, asilimia 15.8 huenda wana ugonjwa wa kamari. Hao ni kama watu 16 katika kila 100. Mngeambiwa kwamba katika kila piki 100 za aina fulani, 16 zitakatika breki, nani kati yenu angenunua?

Na sisi ndio tunaocheza. Mwaka 2017 kampuni ya utafiti ya GeoPoll iliwauliza vijana wa miaka 17 hadi 35 katika nchi kadhaa za Afrika, na Kenya ikaongoza: asilimia 76 ya vijana waliohojiwa walikuwa wamewahi kucheza kamari. Kamari tumeivaa hata kifuani. Mashabiki wa K'Ogalo, Gor Mahia yetu, na ninyi wa Ingwe, AFC Leopards, mliojificha, mnakumbuka jezi zetu zilibeba jina la SportPesa mpaka mwaka 2019. Mtoto wa darasa la tatu alijifunza kusoma jina la kampuni ya kubeti kwenye mgongo wa baba yake.

Basi kujifungia ni nini hasa? Ni mtu kujiandikisha mwenyewe na kusema: mimi, mwenye kitambulisho hiki, nisiruhusiwe kucheza kwa muda huu. Akaunti inafungwa, salio lako unarudishiwa, jumbe za kukushawishi zinakoma, na ukijaribu kurudi unakataliwa. Na hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri: ukishajiandikisha, huwezi kubadilisha nia katikati. Kama unaweza kupiga simu kesho yake na kufunguliwa, hapo hujafungiwa. Umedanganywa.

Marekani, katika jimbo la Missouri, kasino zilikuwa kwenye meli za mtoni. Mwaka 1996 jimbo lile lilianzisha orodha: mtu mwenye shida anaweka sahihi kwamba hatakanyaga kasino yoyote ya jimbo maisha yake yote. Si mwezi, si mwaka. Maisha yote! Na akionekana ndani, anashtakiwa kwa kuingia asikoruhusiwa. Baadaye wakaona wailegeze, mtu aweze kuomba kutolewa baada ya miaka 5, kwa sababu baadhi ya watu waliokuwa wakihitaji msaada waliliogopa hilo neno la maisha yote wakakataa kabisa kuandika. Ninalipenda somo hilo. Kifungo kikiwa kirefu mno mtu hakiingii, kikiwa kifupi mno hakimsaidii.

Lakini kasino ni jengo. Lina mlango na askari. Simu je? Kasino yako iko mfukoni, inalala nawe kitandani. Hapo ndipo kazi ilipo.

Kuna kijana wa Nyalenda, nitamwita tu fundi kwa sababu kazi yake ni kushona. Siku moja, baada ya kupoteza pesa za vitambaa vya wateja, aliiandikia kampuni aliyokuwa akicheza nayo: nifungieni. Wakamfungia kweli, na mimi nawasifu kwa hilo. Alikuja kunieleza akiwa amejaa furaha. Usiku ule ule, mechi za Ulaya zilipoanza, mkono ukamwasha. Akajaribu, akakataliwa. Akafanya nini? Akafungua akaunti kwa kampuni nyingine. Dakika mbili, basi. Kampuni ya pili haikujua lolote kuhusu ya kwanza. Alipoona aibu akajifungia na huko pia, akahamia ya tatu. Zilipoisha zile alizozijua, akachukua laini ya mke wake. Mama watoto alijua siku Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa wa salio likiisha, ilipokata kwa deni asilolielewa pesa alizotumiwa na dada yake kutoka Busia.

Mnaona tatizo? Akaunti ya kubeti inafuata nambari ya simu. Ukijifungia kwa kampuni moja, umejifungia kwa hiyo moja, na kwa nambari hiyo moja. Na hatukuhitaji fundi kutufundisha hilo. Mwaka 2019 serikali ilipokataa kuhuisha leseni za kampuni 27, na SportPesa na Betin zikafunga shughuli zao hapa nchini, wangapi waliacha kubeti? Nilizungumza na watu wengi wakati ule. Walipumua kidogo, wakahamia kwingine.

Waingereza walilipitia hili hili kabla yetu. Kwao pia ulikuwa unajifungia kampuni moja moja. Mwaka 2018 wakaanzisha rejista moja inayoitwa GAMSTOP. Unajiandikisha mara moja, bila malipo, unachagua miezi 6, mwaka 1 au miaka 5. Mwanzoni baadhi ya kampuni zilikuwa nje, ikawa ndoo yenye tundu. Basi tangu 31 Machi 2020 kila kampuni yenye leseni ya kuchezesha mtandaoni kule ni lazima iwe ndani ya rejista hiyo. Na muda wako ukiisha, hufunguliwi tu kimyakimya. Unabaki umefungiwa mpaka wewe mwenyewe uombe kutolewa. Sweden walianza yao, Spelpaus, Januari 2019. Australia wakafuata Agosti 2023 na BetStop, ambapo unaweza kujifungia kuanzia miezi 3 hadi maisha yote.

Sisi tuna nini? Agosti 2025 Rais alitia sahihi sheria mpya ya kudhibiti kamari, na ile kongwe ya mwaka 1966 ikaondoka. Sheria ya 1966, ndugu zangu! Iliandikwa wakati simu ilikuwa ya kukoroga na kamari ilikuwa ya wazungu wachache Nairobi. Sasa kuna mamlaka mpya ya kudhibiti kamari. Tunachopaswa kuidai mamlaka hiyo, sisi tunaozika vijana na kuuza ng'ombe kulipa madeni, ni jambo moja: rejista moja. Ifuate nambari ya kitambulisho, isifuate laini. Mtu ajiandikishe mara moja na kampuni zote zenye leseni zimkatae. Kila laini ya simu nchini imesajiliwa kwa kitambulisho cha mtu. M-Pesa tunayo tangu 2007. Nchi inayoweza kutuma pesa kutoka Mombasa hadi Malaba kwa sekunde tatu itashindwaje kuweka orodha ya watu wanaoomba wasichukuliwe pesa?

Mwakilishi wa wadi yumo humu. Naomba alibebe hilo. Na steji zote ziandike barua. Kamati itawasaidia kuiandika.

Lakini leo utalala wapi? Ukitoka hapa simu iko mfukoni, na rejista inachukua muda. Kwa hivyo nitasema tunachoweza kufanya sisi wenyewe, na nitakaa zaidi kwenye pesa, kwa sababu kampuni ni nyingi lakini pesa zako hupita njia chache.

Anza na Fuliza. Wale Waingereza, Aprili 2020 walipiga marufuku kabisa kucheza kamari kwa kadi za mkopo. Walisema mtu asipoteze pesa ambazo hana. Sisi hatuna kadi hizo, lakini tuna Fuliza tangu Januari 2019, na mikopo ya simu isiyohesabika. Mtu anabeti akiwa na salio sifuri! Anapoteza pesa za kesho kutwa. Piga *334#, ingia sehemu ya Fuliza, jiondoe. Kama una deni, lilipe kwanza, kisha ujiondoe siku hiyo hiyo, usingoje kesho. Hicho ndicho kifungo cha kwanza ninachomwomba kila anayenijia, kabla hata ya kuiandikia kampuni barua, kwa sababu ndicho kinachopunguza madhara usiku huo huo.

Kisha, mapato ya siku. Nawajua mnavyofanya: mnajaza mafuta, mnatoa hesabu ya mwenye piki, kinachobaki kinakaa kwenye simu mpaka usiku. Kisikae! Kama una mke unayeaminiana naye, kiende kwake saa kumi na mbili. Kama huna, kiende kwenye akiba ya chama ambayo huwezi kuitoa bila sahihi ya mtu mwingine. Ipo pia akiba ya kufunga ya M-Shwari, ambapo unachagua mwezi 1 hadi 6, na ukitaka kuvunja kabla ya muda inakubidi uombe na usubiri. Kule kusubiri ndiyo dawa yenyewe. Hamu ya kubeti ni kali lakini haidumu. Ukiweza kuipitisha saa moja, mara nyingi imelegea.

Jumbe nazo. Aprili 2025 serikali ilipositisha matangazo ya kamari kwa siku 30, mwendeshaji mmoja wa steji ya Mamboleo aliniambia, "Madam, mwezi huu redio imenyamaza, hata kichwa changu kimenyamaza." Huyo alinifundisha kitu. Hakuwa anatafuta kamari kila siku. Kamari ndiyo ilikuwa ikimtafuta. Kwa wenye Safaricom, zile jumbe huja na nambari ya kujiondoa, *456*9*5#. Itumieni. Na iko programu ya bure ya shirika la hisani la Uingereza iitwayo BetBlocker, inayozuia tovuti za kamari kwenye simu kwa muda unaochagua. Anayejua simu amsaidie asiyejua. Na kama unatumia kabambe, ile ya mulika mwizi, tayari umepiga hatua ambayo wengi wetu hatujaipiga.

Hapo ndipo uiandikie kila kampuni uliyo na akaunti kwake. Waandikie kwa maandishi, usipige simu tu, ili ubaki na ushahidi. Sema muda unaotaka. Piga picha jibu lao ulihifadhi. Toa salio lako kabla hujaomba. Wakikutumia ujumbe wa kukushawishi baada ya hapo, una haki ya kulalamika kwa anayewapa leseni.

Kuna mambo kujifungia hakuyafikii, na sitawaficha. Tovuti za nje zisizo na leseni hazitakufungia. Wale wa Telegram wanaokuuzia mechi zilizopangwa ni wezi, basi, hakuna la kuongeza. Na zile mashine za sarafu ya shilingi ishirini zilizo nyuma ya maduka, zinazowala watoto wa shule, hizo hazina fomu ya kujiandikisha. Hizo ni za chifu na Nyumba Kumi, na ni za sisi tunaozijua zilipo tukanyamaza.

Mama zangu kule nyuma, sasa nawageukia ninyi.

Kuna mama wa Ahero, mkulima wa mpunga. Kijana wake alikuwa na mikopo ya simu mitano, yote ya kamari. Wakopeshaji wakaanza kupigia jamaa zake simu, hata mchungaji. Mama kwa aibu akauza magunia ya mpunga, akalipa yote. Alilia, kijana alilia, wakapiga magoti pamoja. Mwajua kilichotokea? Wiki ile ile zile programu zikamtumia kijana pongezi: umelipa vizuri, limiti yako imepanda. Aliyekuwa akikopa elfu tatu sasa anakopeshwa elfu saba. Mpunga wa mama ukamnunulia mwanawe deni kubwa zaidi.

Simlaumu mama yule. Nani angekaa kimya? Nasema tu kwamba mpangilio ulikuwa kinyume. Funga kwanza, ndipo ulipe. Fuliza imezimwa? Zile programu za mikopo zimefutwa, akaunti zimefungwa? Barua kwa kampuni zimetumwa, umeziona? Hapo sasa lipeni deni, pole pole, kijana mwenyewe akitoa jasho lake humo. Na usilipe kwa siri. Mume asiyejua mke amelipia nini, hawezi kujua amebakiwa na nini.

Afrika Kusini, sheria yao ya kamari ya mwaka 2004 inamruhusu mtu kwenda mahakamani kuomba jamaa yake aingizwe kwenye orodha ya waliofungiwa. Singapore pia familia inaweza kuomba. Mimi ningependa nasi tuwe na mlango huo, kwa kesi zile ambazo nyumba inaungua na mwenyewe hataki kusikia. Lakini uwe mlango wa mwisho. Mtu aliyejifungia mwenyewe hukilinda kifungo chake; aliyefungiwa na wengine hutafuta ufa. Kwa hivyo usimnyang'anye simu, mama. Usimwite mwizi mbele ya watoto. Mngojee siku amepoteza, ameketi kimya, ameinamisha kichwa. Siku hiyo usimpe mahubiri. Mwambie, "Tufunge. Mimi nitakaa nawe, tufunge pamoja." Saa hiyo ndiyo saa ya ufunguo, na haikai.

Nina neno moja gumu. Wapo waliokuwa nasi mwaka juzi na leo hawapo, na sisi tunajua kilichowasukuma. Kama uko humu na deni limekufikisha mahali unaona heri usiwepo, nisikilize: deni hilo linaweza kupangwa upya, piki inaweza kupatikana tena. Usikae peke yako usiku wa leo. Msalaba Mwekundu wana nambari ya bure, 1199, wanasikiliza watu. Au nifuate mimi baada ya mkutano, hata kama hutasema neno, tutakaa tu.

Je, kujifungia kunaponya? Hapana. Watafiti wa nchi mbalimbali wamekuta kwamba wengi waliojiandikisha hujaribu kurudi wakati fulani. Lakini wamekuta pia kwamba hata katika hao, wengi hucheza kidogo kuliko zamani, na madeni yao hupungua. Yule fundi wa Nyalenda amerudi nyuma zaidi ya mara moja. Leo laini moja tu ina M-Pesa nyumbani mwake, haina Fuliza, na pesa za vitambaa zinapokelewa na mke wake. Bado Jumamosi jioni inamwia ngumu. Saa ile huenda uwanjani kufundisha watoto wa mtaa mpira. Ukiondoa kamari katika siku ya mtu, unaacha shimo la masaa, na shimo hilo lisipojazwa na kitu, kamari yenyewe italijaza. Steji hii ina timu. Iamsheni.

Naomba kila steji iwe na mtu mmoja, mmoja tu, anayejulikana kwa kufunga mdomo wake, ambaye mwenzake anaweza kumwendea na kusema, "Kaa na ufunguo wangu." Awe shahidi wa barua zake. Awe wa pili kwenye sahihi ya akiba. Majina yasisomwe mkutanoni. Faini isiwepo. Anayerudi nyuma asichekwe kwenye kundi la WhatsApp, maana siku utakayomcheka ndiyo siku atakayoacha kuja kwako, na mlango wa kampuni ya kubeti haumcheki mtu.

Mwenyekiti, nimemaliza upande wangu. Kuna meza mbili pale karibu na lango. Ya kulia ina karatasi zenye mfano wa barua ya kuziandikia kampuni, kwa Kiswahili na kwa Dholuo; chukua ya kwako, ujaze jina na muda. Ya kushoto wako vijana wawili wanaojua simu, watakusaidia kuzima Fuliza na jumbe sasa hivi, hapo hapo, na hawatakuuliza kwa nini. Tuanze na waliokuja na wake zao, ili mama wawahi matatu. Erokamano.